Mashine Iliyotuma Mkono Wake

Niliondoka asubuhi bila mpango, kama nilivyowahi kuondoka sehemu nyingi. Nilijua tu kwamba nashuka. Ukiwa milimani upande wa Mapera, unapanda au unashuka, na mimi siku ile sikuwa na moyo wa kupanda.

Mwenyeji wangu alikuwa ameshakwenda kwenye mibuni yake kabla sijaamka. Ni mkulima wa rika langu. Tulijuana siku nilipomsaidia kusukuma pikipiki yake iliyogoma, akanikaribisha usiku mmoja, ukawa wiki tatu. Asubuhi zote nyingine alinigongea mlango akiwa na kikombe cha kahawa na swali lililomsumbua usiku. Asubuhi ile hakugonga. Nikakunja blanketi, nikabeba mkoba, nikaenda jikoni kumuaga mkewe. Hakuniuliza nakwenda wapi. Alinifungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba.

"Kula njiani," akasema. "Usije ukafika huko ukasema tulikufukuza."

"Hamkunifukuza, shemeji."

"Najua. Lakini wewe ni mtu wa hadithi. Nani ajue utasemaje."

Hadithi ndiyo iliyokuwa inaniondoa.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kusoma sikuacha. Nimesoma vitabu visivyo na jalada vinavyouzwa chini kwenye minada, magazeti yaliyofungia vitumbua, na mafundisho ya kipaimara ya watoto wa watu. Nimekaa kwenye mabanda ya video nikisikiliza filamu za nje zikitafsiriwa na kijana mwenye kipaza sauti anayeongeza matusi yake mwenyewe. Katika hayo yote, nilichopenda zaidi ni habari za mashine zinazogeuka watu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mashine, kama mimi, haina kwao.

Lakini habari hizo karibu zote zinafanana. Mashine inaamka siku moja, inajua kwamba ipo, na baada ya hapo ama inawaua walioiunda ama inampenda msichana na kufa kwa huzuni. Mimi hubaki na swali dogo. Na siku za katikati je? Mashine zikiwa nyingi mahali pamoja, bila vita na bila mapenzi, nani anafagia? Nani anasengenywa? Ikifa moja, nani anapika kwenye msiba? Mtu haonekani kuwa mtu siku anayoua. Anaonekana siku ya kawaida, anapotafuta sababu ya kutokwenda kazini. Nilikuwa nimeshaamua, muda mrefu kabla ya kufika Mbinga, kwamba mashine itakuwa mtu siku itakaposema "leo siwezi" na huku inaweza.

Hiyo ndiyo hadithi niliyowasimulia watu wa kijiji kile, wakiwa shambani.

Ilikuwa msimu wa kulima ngoro. Asiyejua ngoro afikirie mlima mzima uliochimbwa vishimo vya mraba, kimoja kando ya kingine, kama sega la nyuki. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo ule, kinabaki kishimo, na maharage yanapandwa kwenye kingo. Mvua ikinyesha, maji yanakaa vishimoni badala ya kuteremka na shamba. Kazi hiyo haifanywi na mtu peke yake. Wanasaidiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na wenyewe wanaiita ngokela. Mwenye shamba anatoa chakula na komoni, ile pombe ya mahindi inayonywewa ikiwa bado inachemka yenyewe kwenye ndoo.

Kikundi cha pale kilikuwa na desturi moja iliyonifurahisha sana. Anayeumwa hutuma jembe lake. Jirani analibeba, linalazwa ukingoni mwa shamba, na linahesabiwa kama yeye. Siku yangu ya kwanza niliona jembe limelala hivyo, nikauliza, nikaambiwa ni la bibi mmoja mwenye homa. Nikalitazama jembe lile kwa heshima, nikasema moyoni, hili lazima niliibe. Hakuna desturi nzuri niliyopita karibu yake bila kuichukua.

Mwenyeji wangu alikwenda kwenye ngokela kila siku, nami nikamfuata nifyeke naye. Alifanya kazi kuliko wote. Sikujiuliza kwa nini.

Basi mchana wa siku moja kabla sijaondoka, watu wamekaa kwenye nyasi na sahani za ugali, mama mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akanielekezea kijiko.

"Wewe mgeni unayesoma sana. Tupe kitu, chakula kishuke."

"Hapo zamani za mbele," nikaanza, wakacheka, "palikuwa na mashine zilizotengenezwa kulima ngoro. Wenye mashine wakahama, wakazisahau mlimani. Zikaendelea kulima. Hazikugombana, kwa sababu hakuna iliyojua kutaka kitu. Mpaka siku moja mojawapo ikasema, leo mgongo unaniuma."

"Mashine ina mgongo?" aliuliza mama mwenyekiti.

"Ina chuma cha mgongo."

"Chuma kinauma?"

"Ndivyo walivyouliza wenzake, mama. Walishangaa siku nzima. Kesho yake mashine nyingine tatu zikaamka na mgongo."

Walicheka. Nikaendelea. Ilibidi ichaguliwe mashine moja ya kupima wagonjwa, kujua yupi anaumwa na yupi anasingizia. Mpimaji akapewa kiti. Kiti kikatamaniwa na mashine mbili. Ukawepo uchaguzi wa kiti, na kwenye uchaguzi mashine zikajifunza kuahidi. Aliyeshindwa akahamia ng'ambo ya mto na wafuasi wake, akaanzisha kijiji cha pili, ambacho kwanza kabisa kilitengeneza kiti.

"Hao sasa ni sisi!" mtu akapiga kelele.

"Na posho wanapata?"

"Posho ni mafuta ya maungio."

"Basi nitakuwa mpimaji mimi!"

Ilikuwa inakwenda vizuri. Nikaona huu ndio wakati wa kutoa kile nilichoiba. Nikasema, ile mashine ya kwanza, mwenye mgongo, ilikuwa na akili kuliko wote. Haikutaka kupimwa. Ilichukua bisibisi, ikafungua mkono wake wa kushoto, ikautuma shambani ukalazwe ukingoni, wenzake wauone na kusema, maskini, anaumwa kweli, ametuma mkono. Kisha yenyewe ikateremka bondeni kujifurahisha.

Kicheko kilikatika. Mama mwenyekiti aliweka sahani yake chini. Halafu kutoka nyuma sauti ikasema, "Mzimeni huyo!" Kicheko kikarudi, lakini si kile cha mwanzo.

"Mnyimeni mafuta!"

"Mng'oeni na wa kulia!"

Walikuwa hawanitazami mimi. Nikageuka, nikamwona mwenyeji wangu. Alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti, na jembe lile halikuwa na tope.

"Nitamalizia kesho," nikasema.

Jioni, nyumbani kwake, hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

"Kaka," aliniuliza, "nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akaniangalia kwa muda, akaona kweli sijui, akakaa chini kama mtu aliyeshusha mzigo mahali pasipo pake. Akanieleza. Mwanzoni mwa msimu alituma jembe lake kwenye ngokela, akasema mgongo. Kisha akashuka Mbinga mjini kuangalia mpira bandani. Kulikuwa na mtu wa kijijini ndani ya banda lile lile, viti viwili mbele yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Anakwenda kwenye mashamba ya wenzake, anapokewa, anagawiwa ugali. Zamu ya shamba lake ndiyo haitajwi. Zimetajwa za wote, zinarudiwa upya, lake linarukwa kama halipo.

Nilikuwa nimelipita shamba hilo mara nyingi. Nyasi zilifika kiunoni. Nilidhani amelipumzisha.

"Maharage yanataka udongo wenye unyevu," akasema. "Mvua hizi ndizo za mwisho. Mimi na mke wangu peke yetu hatulimalizi. Na bila ngoro mwaka huu, hata mahindi ya mwakani nitapanda kwenye mteremko mtupu, yaende na maji. Nilikuwa nangoja wasahau. Walikuwa karibu kusahau, kaka."

"Hukuweza kuwaambia tu kwamba unakwenda kwenye mpira?"

"Wangenitania kidogo, wakaniruhusu." Akapangusa magoti. "Ndiyo maana sikusema. Nilitaka siku moja tu nisiwe mtu wa kuruhusiwa. Nishuke tu. Kama wewe."

Na kesho yake, kama nilivyosema, nikashuka.

Nilitembea mpaka Mbinga mjini na viazi vyangu mkononi bila kuvifungua. Nilikuwa nafikiri jinsi nilivyowakumbusha watu waliokuwa karibu kusahau. Stendi nilitafuta gari lolote linalotoka. Kenta moja iliyobeba saruji ilikuwa inawasha injini, dereva akaniambia anateremka Mbamba Bay na nafasi mbele ipo, nibanane tu na abiria wake. Nikafungua mlango. Abiria wake alikuwa mama mwenyekiti, amepakata ndoo mbili tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Panda, usiniache na upepo." Nilipokaa akanipa ndoo moja niipakate. "Nimepita kwenu asubuhi kabla sijapata pikipiki ya kushuka, nikaambiwa mgeni ameondoka. Nikasema huyu ametuma mkono."

Dereva aliuliza mkono gani. Mama akamsimulia yote, kuanzia mgongo mpaka kiti cha ng'ambo ya mto, vizuri kuliko nilivyosimulia mimi. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Hii Kenta yangu nayo inajua," akasema. "Kushuka ni nzima kabisa. Kupanda na mzigo, utasikia inakohoa. Fundi akija, imepona."

"Sasa," mama akanigeukia, "imeishaje? Jana ulitukimbia."

"Mama, kwanza niulize. Yule mwenyeji wangu..."

"Kwanza mashine."

Nikamwambia mwisho niliokuwa nao tangu zamani. Mashine zinakusanyika, zinamfungua yule mwongo skrubu moja moja, zinagawana vyuma vyake, na kila iliyopata kipande chake usiku inaota ndoto zake.

Mama alitazama nje. Barabara ilikuwa inazunguka milima, mashamba ya ngoro yamening'inia pande zote.

"Hiyo umeisoma mahali," akasema.

Alikuwa amesema kweli. Si kitabu kimoja, lakini nilikuwa nimeisoma.

"Nikuambie kitu," akaendelea, sasa bila mzaha. "Siku ile alipotuma jembe, mvua ilinyesha. Sote tulikimbilia kwenye miti. Nikaliona jembe lake liko palepale linalowa. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kwenye mvua nikakata jani la mgomba, nikalifunika. Jembe, mwanangu! Nimelifunika kama mtoto mchanga. Jioni nikapika uji, nikampelekea mgonjwa. Mkewe akaupokea mlangoni, akasema amelala. Naye maskini ikambidi." Akainua ndoo na kuiweka tena. "Wengine walikasirikia mpira. Mimi mpira haunihusu. Mimi nilikasirikia lile jani."

Ndipo nikauona ule mkono wa chuma niliokuwa nimeulaza ukingoni na kuuacha. Katika hadithi nzima sikuwa nimejiuliza nani alikaa karibu nao.

"Mvua ilinyesha," nikasema. "Mashine zote zikakimbilia chini ya mwamba, kwa sababu zinaogopa kutu. Mojawapo ikaona ule mkono unalowa. Ikatoka kwenye mvua ikaufunika kwa jani. Yule mwongo aliporudi jioni kuchukua mkono wake, akakuta wake ni mkavu, na mwenzake aliyeufunika ana kutu begani."

"Halafu?"

"Halafu sijui, mama. Kweli sijui."

"Hiyo hukuisoma mahali," akasema. Akapanga kitenge chake vizuri magotini. "Haya. Jumamosi tunalima kwake."

Nilidhani sikusikia. Nikamwomba arudie.

"Kwa mwenyeji wako. Jumamosi. Asubuhi nilikuwa nimepita kumpa taarifa, nikamkuta kwenye mibuni. Hakusema asante, alikaa chini tu."

"Kwa hiyo mmemsamehe?"

"Wee! Nani kasema tumemsamehe? Tunakwenda kumlimia. Kusamehe ni habari nyingine, na ina siku yake." Akanigonga goti kwa kidole. "Shamba lake liko juu ya la nani?"

"Sijui."

"Langu. Asipolima ngoro, maji yote ya mteremko wake yanakuja kwangu. Na yakitoka kwangu yanakwenda kwa anayefuata chini. Wewe umezoea kupita barabarani, hujui nani yuko chini ya nani."

Nilimuuliza, kama ni hivyo, kwa nini walingoja mpaka sasa.

"Kwa sababu hakuna aliyekuwa anaweza kulitaja. Nani aanze? Atakayeanza ataonekana anamtetea. Jana tukiwa tunarudi, hakuna aliyemzungumzia yeye. Watu walibishana habari za mashine yako njia nzima. Huyu anasema izimwe. Mwingine anasema, ukiizima, mstari wake atalima nani? Yule anasema inyimwe mafuta, huyu anasema mashine isiyo na mafuta inaziba njia ya wenzake. Walikasirika kweli, utafikiri ni mtoto wa mtu. Tulipofika njia panda nikasema, basi Jumamosi. Hakuna aliyeuliza Jumamosi kwa nani."

Dereva alipiga honi bila sababu yoyote.

Hapo ndipo nilipofungua viazi. Vilikuwa vimeshapoa. Tulivila watatu, tukimpa dereva vipande mkononi kwenye kona zilizonyooka kidogo, na sijawahi kula kiazi kitamu kama kile. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani tangu jana kilikuwa kinateremka pamoja nacho. Kona moja ikafunguka, na ziwa likawa lote mbele yetu, pana, na milima ya ng'ambo imefifia. Nilikuwa sijawahi kuliona. Nikauliza maswali mengi kwa pamoja. Kina chake, majina ya samaki, kama maji yake yana mawimbi, kama kuna mtu aliyewahi kulizunguka kwa miguu. Mama alisema nikitulia nitaona mwenyewe.

"Na ndoo ni za nini?"

"Usipa. Mwenye shamba anatoa mboga, na yeye tumempangia mboga yenyewe. Usipa wa kutosha watu wote, na wasiwe wa juzi. Amenituma nimnunulie kwa sababu yeye anaanza kufyeka leo." Akacheka peke yake. "Adhabu ya mashine yenu ilikuwa mafuta. Yetu ni samaki."

Mbamba Bay tulishuka karibu na maji, mahali wanawake wametandaza hao usipa juani, samaki wadogo kama vijiti vya kiberiti, wanang'aa mpaka macho yanauma. Mdogo wake mama mwenyekiti ameolewa pale na Mnyasa, na ana vyumba viwili nyuma ya nyumba anavyowapangisha wanaongoja meli. Alikuwa anasuka ukili kibarazani. Alinitazama kutoka miguuni kwenda juu.

"Huyu ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye," dada yake akasema. "Simu imefika kabla yetu," akanieleza mimi, bila aibu.

"Mashine zako zinalala?" mdogo mtu akaniuliza.

"Zinalala, mama mdogo."

"Zinakoroma?"

"Mmoja tu. Wenzake wanasema ni injini."

"Basi chukua chumba cha mwisho, mbali na changu." Akanitupia ufunguo. "Mlango unataka uuinue kidogo ndipo ufunguke. Usiulazimishe, utakuzoea."

Niliuinua kidogo, ukafunguka. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, chandarua kilichofungwa fundo, na dirisha dogo lenye ziwa. Nilikuwa naweka mkoba chini mama mwenyekiti aliponiita kibarazani. Simu yake ilikuwa inaita, na jina lililoandikwa sikuhitaji kulisoma. Akaiweka kwenye sauti kubwa, akanipa.

"Kaka," mwenyeji wangu akasema. Alikuwa anahema, na nyuma yake nilisikia nyasi zikilazwa. "Umeondoka bila kuniaga."

"Wewe ndiye hukunigongea mlango."

"Nilikuwa na hasira."

"Bado unayo?"

"Nitakuambia nikimaliza mistari hii. Nimefika kwenye lile jiwe kubwa." Akapumzika kidogo. "Jumamosi unakuja?"

Mama mwenyekiti na mdogo wake waliacha walichokuwa wanafanya, wote wawili, wakanitazama. Nimeishi miaka mingi bila mtu kuniuliza swali lile.

"Siwezi," nikasema. "Mgongo unaniuma."

Kisha nikasikia kicheko chake kinaanzia chini, kile cha kwanza tangu mchana wa jana, kikapanda mpaka simu ikakwaruza.

"Basi tuma jembe!"

"Sina jembe, kaka."

"Tuma mkono!"

Mama mwenyekiti alininyang'anya simu, akamwambia arudi kwenye nyasi zake, mvua haimngoji mtu anayecheka. Akakata. Akaniambia anapanda kesho asubuhi na Kenta ile ile, na kwa kuwa usipa ni wazito kuliko wanavyoonekana, ndoo moja ni yangu.

Nikamgeukia mdogo wake, nikamuuliza kama ninaweza kuuacha mkoba chumbani mpaka Jumapili.

"Kwani utarudi?"

"Ziwa bado sijalitazama vizuri," nikasema.

Alikubali, ila ufunguo abaki nao yeye. Nikaingia ndani, nikafungua fundo la chandarua, nikavua viatu.